Kinyume cha Kupoa

Ulaanbaatar, Januari, saa nane za usiku.
Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
mate hugeuka punje kabla ya kugusa theluji.
Gombosuren yuko zamu kwenye mtambo wa joto,
macho kwenye sindano za mita.
Chai yake ya maziwa na chumvi imekaa mezani
tangu pampu ya pili ilipoanza kukohoa.

Chai imepoa.
Hakuna aliyeiambia ipoe.

Chuoni, ujanani, walimfundisha kwa chaki:
joto huenda kwenye baridi, halirudi bila malipo.
Akanakili, akafaulu, akasahau.
Sasa anaijua sheria hiyo kwa magoti,
kwa bomba linalovuja chini ya barabara ya wauza ngozi,
kwa minara inayopumulia mbinguni
mvuke mweupe, mnene kama kondoo,
joto lisilofika chumbani kwa mtu yeyote.
Kila usiku behewa zima la makaa
tunazipashia nyota moto, husema,
na nyota hazijawahi kulipa bili.

Marehemu mkewe, Pagmadulam, alikuwa akifuma soksi
za manyoya ya ngamia.
Akikosea kisigino alifumua, akaanza upya
kwa uzi ule ule, uliojikunja kidogo, wenye kumbukumbu.

Hapa nasita, mimi ninayeandika,
maana lugha yangu ina ukarimu mahali hapa:
kilichofumwa hufumuliwa,
kilichozibwa huzibuliwa, kilichokunjwa hukunjuliwa,
mwiba uliochoma huchomolewa.
Irabu moja tu, na mkono unarudi ulikotoka.
Lakini nimetafuta kinyume cha kumwaga, sikupata.
Kinyume cha kuvunja, cha kuungua, cha kupoa:
sarufi imenyamaza.
Kufufua tumemwachia Mungu.
Wahenga hawakuwa na mita wala mtambo;
waliyatazama maji yakinywewa na mchanga,
wakasema hayazoleki,
wakaenda zao.

Tena hata soksi ile haikurudi bure.
Kila kitanzi alichokivuta kikakaa sawa
kililipiwa kwa supu ya kondoo,
kondoo kwa nyasi, nyasi kwa jua,
na jua linajila lenyewe, halina pa kukopa.
Alipanga kidogo pale kisiginoni,
ulimwengu ukapanguka zaidi mahali pengine:
jasho, pumzi, ukungu kwenye kioo cha dirisha.
Daftari hilo halijawahi kukosea hata senti.

Gombosuren anajua ukurasa wake wa mwisho.
Baada ya siku zisizo na wa kuzihesabu
kila kitu kitakuwa na ubaridi mmoja,
jiwe, nyota, utupu, vyote vimelingana,
na palipolingana hapana kinachotiririka,
hapana pampu, hapana zamu,
hapana usiku wa kuushikia zamu.
Si moto. Si gharika.
Chai iliyosahaulika, pana kuliko neno lenyewe.

Saa kumi na robo sindano inashuka.
Anavaa glavu, anachukua spana, anateremka ngazi,
Zundui, kijana wa mafunzo, akimmulikia kwa tochi
vali inayotema mvuke kama paka aliyekasirishwa.
"Mzee, si itavuja tena kesho?"
"Itavuja."
Anakaza nati robo mzunguko.
Anasikiliza.
Anakaza tena, kidogo.

Ng'ambo ya mto Tuul, ghorofa ya sita,
mtoto asiyemjua
analisukuma blanketi kwa miguu, usingizini,
amehisi joto.

Mzee anarudi mezani. Chai imeota utando.
Anaunywa pamoja nao.
Ndani ya buti, kisigino cha soksi ya kushoto
kimeanza kutoboka.